Msiba Uliotoka Gazetini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hata kufundisha kwa magazeti nilianza kwa hasira. Darasa langu la tatu lilikuwa na vitabu vinne vya kusomea. Vinne, na kimoja hakikuwa na kurasa za mwanzo. Watoto walikuwa wamevikariri mpaka ukimpa mtoto kitabu kilichogeuzwa juu chini, anakusomea ukurasa mzima bila kukosea neno. Mkaguzi alikuja, akasikiliza, akaandika kwamba darasa linasoma vizuri, akaondoka. Nilitamani kumrushia chaki.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Iyula, katikati ya mashamba ya kahawa, wakati huo tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Watoto waliongea Kinyiha nyumbani. Kiswahili walikutana nacho shuleni na kanisani. Dada yangu alikuwa ameolewa Tunduma na mwenye kibanda cha bidhaa ndogondogo, hatua chache kutoka mpaka wa Zambia. Shemeji alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, ya kufungia chumvi na vipande vya sabuni. Likizo moja nilikaa kibandani nikimsaidia kuuza, nikajikuta nasoma kila ninachofungia huku wateja wamesimama.

"Shemeji," akaniambia, "beba furushi uende nalo kwako. Utanifukuzia Wazambia."

Nikaondoka na mafurushi mawili. Ya Kiingereza, yaliyotoka ng'ambo, niliyatumia kujalidi madaftari. Ya Kiswahili nikayapeleka darasani.

Mwalimu mkuu aliyaona siku ileile. Alikuwa mtu mwema, lakini mwoga kupita kiasi. Vyama vingi ndiyo kwanza vilikuwa vimeingia, magazeti yamefumuka, na kila mtu alijua lipi ni la upande gani. Alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Mwalimu, mzazi mmoja tu akiona jina la gazeti asilolipenda mkononi mwa mwanawe, mimi nahamishwa. Na wewe unanifuata nyuma."

"Basi nitayakata majina."

"Kata juu kote. Kila ukurasa. Sitaki kuona jina humu."

Jioni hiyo nilikaa jikoni na mkasi wa kushonea, nikakata sehemu ya juu ya kila ukurasa, upana wa vidole vitatu. Vipande nikavitia mekoni. Nilijiona mjanja kweli. Kwamba pale juu, pembeni ya jina, iliandikwa pia tarehe, nililiona kwa macho yangu na halikunigusa. Nilikuwa napigania watoto wajue kusoma. Tarehe ningeifanyia nini?

Utaratibu wangu ulikuwa huu: kila Ijumaa mtoto anakwenda nyumbani na karatasi moja ya gazeti, anamsomea mtu mzima, na Jumatatu anairudisha na kutuambia yule mtu mzima aliuliza nini. Maswali yale yalinifurahisha kuliko mshahara. Babu mmoja alitaka kusomewa matokeo ya mpira mara tatu, ingawa hakuwahi kuona mechi. Mama mmoja aliuliza kwa nini watu wa Dar es Salaam wanauziana maji, wamekosa nini huko. Baba mwingine aliuliza aliyeandika haya ni mtoto wa nani na ameyajuaje. Na watoto wakaanza kusoma kweli, kwa kukwama, kwa kurudia, kwa kukunja uso. Nilivimba kichwa. Walimu wenzangu nilikuwa nawapita kibarazani bila hata kuwatazama vizuri.

Aliyewashinda wote alikuwa msichana wa miaka kumi, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Huyo alisoma kila kitu, hata matangazo ya zabuni, hata maandishi madogo ya chini kabisa. Baba yake alikuwa utingo wa malori ya mizigo yanayovukia Tunduma. Miaka ilikuwa imepita hajaonekana nyumbani. Mwanzoni alikuwa akituma vitenge na sabuni kwa madereva wanaopita. Baadaye ukawa ukimya. Wapo waliosema ana mji mwingine Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mbele ya mama mtoto hawakusema.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, kukiwa na baridi ya kukata masikio, nilimpa karatasi yake bila kuisoma. Naandika sentensi hii kwa aibu ileile ya siku zile. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusuka nywele.

Jumatatu nilikuta nusu ya darasa haipo. Nikauliza kwa ukali, maana nilidhani wameitwa kuchuma kahawa. Mvulana wa dawati la mbele akasimama.

"Mwalimu, kuna msiba. Baba yake amefariki," akasema, akionyesha nafasi tupu ya yule msichana.

"Nani kaleta habari?"

"Ipo kwenye gazeti, mwalimu. Alimsomea mama yake."

Watoto wakawa wananiangalia, na mimi siwezi hata kuwaambia watoe madaftari. Nilijua jambo moja tu, kwamba katika mafurushi yale hapakuwa na gazeti la mwaka ule. Shemeji aliyanunua kwa watu waliokuwa wakifagia maghala. Mengine yalikuwa ya tangu chama kimoja.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Alinisikiliza amekaa, kisha akavua miwani.

"Usiende," akasema. "Ukienda watasema shule ndiyo imemuua. Waache wazike kimyakimya, watagundua wenyewe."

"Wazike nini, mwalimu? Hakuna maiti."

"Ndiyo maana nasema usiende."

Nilikwenda. Njia ilipita katikati ya migomba na mibuni, na mwendo mzima nilikuwa najipangia maneno, nikiyapanga yanapanguka. Kabla sijaona nyumba nilisikia vilio. Uani kulikuwa na wanaume wamezunguka moto, wanawake wamejaa ndani mpaka mlangoni. Kwenye vichanja kahawa ilikuwa imeachwa wazi tangu juzi, hakuna wa kuifunika, na kuku wanatembea juu yake. Kuni zililetwa, unga ulikuwa umejaa beseni mbili. Watu wale walikuwa wametoa walichonacho kwa sababu ya karatasi niliyoikata mimi.

Nilipiga magoti nikasalimia. Baba mkubwa wa yule msichana, kaka wa huyo aliyesemwa kuwa marehemu, ndiye aliyekuwa anaongoza msiba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wakanipisha kigoda, sikukaa.

"Pole sana, baba," nikasema. "Naomba nilione hilo gazeti."

Alilitoa mfuko wa ndani wa koti, limekunjwa mara nne. Nikalisoma nimesimama. Lori la mizigo lililokuwa likielekea Tunduma lilikosa breki mteremkoni. Dereva alitambuliwa na ndugu zake. Utingo hakutambuliwa, mwanamume wa makamo, mwembamba, aliyevaa koti la kijani la kijeshi na pete ya shaba. Mwili umehifadhiwa, ndugu wajitokeze.

"Koti hilo nilimnunulia mimi, mnadani Vwawa," baba mkubwa akasema. "Vijana wawili wameondoka alfajiri kwenda Mbeya kutafuta mwili."

Makoti ya kijani ya mitumba wakati ule yalikuwa mgongoni mwa nusu ya wanaume wa wilaya yetu ya Mbozi. Wawili walikuwa wameyavaa palepale motoni. Lakini huo si wakati wa kumwambia mtu hivyo.

"Baba, hili gazeti ni la zamani."

Walio motoni wakageuza vichwa.

"La lini?"

"Sijui la lini. Lakini si la mwaka huu."

"Limeandikwa wapi kwamba ni la zamani?"

Nikamwonyesha juu, penye ukingo uliokatwa kwa mkasi, umenyooka vizuri, kazi ya mtu makini.

"Tarehe ilikuwa hapa. Imekatwa."

"Nani kaikata?"

"Mimi."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee mmoja aliinama akasogeza kuni motoni ingawa hazikuhitaji kusogezwa. Baba mkubwa alilichukua gazeti mkononi mwangu, akalikunja polepole.

"Mwalimu, nisikilize. Kama habari hii ni ya kweli, huyu mtoto ametuonyesha alipo ndugu yetu, tutamshukuru. Kama ni ya uongo, basi amemlilia baba yake akiwa mzima. Mama yangu yuko ndani tangu juzi hajala. Mama mtoto amekalishwa mkekani, amefunikwa. Mtoto aliyefanya hivyo harudi kwako. Atakwenda kwa shangazi yake bondeni, Momba, akalee watoto na kusahau hayo makaratasi. Sasa fikiri kabla hujasema tena."

Nilifikiri. Sijawahi kufikiri kwa haraka hivyo wala kwa woga hivyo. Nikinyamaza, vijana wanarudi jioni mikono mitupu, msiba unaendelea, mwanamume anazikwa kwa maneno, na mtoto anabaki darasani. Nikisema, baba anafufuka na mtoto anaondoka. Nakiri kwamba kwa muda kidogo nilitaka kunyamaza. Nilijiambia labda ni yeye kweli, labda Mungu ametumia gazeti bovu kuleta habari ya kweli. Mtu akitaka kujiokoa hakosi dini.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

Alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, amekaa kando ya kihenge. Bibi yake alikuwa amekataza asiingie mlangoni, kwa kuwa mdomo wake ndio uliotoa habari. Aliponiona alisimama wima kama tunavyosimama darasani, na hilo likaniumiza kuliko angelia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ulisoma karatasi yote?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na nyuma?"

"Na nyuma. Kuna tangazo la mnada wa magari mabovu. Lipo pembeni kabisa, maandishi madogo."

"Lina tarehe?"

Aliniangalia. Nikamwona anasoma upya kichwani mwake, macho yanatembea. Kisha akaitikia kwa kichwa, na uso wake ukabadilika, maana alikuwa ameshatangulia kuelewa. Akili yake ilinipita mimi niliyekuwa mwalimu wake.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "nikisoma watanipiga?"

Ningependa kuandika kwamba nilimwahidi hawatampiga. Nilimwambia sijui. Nilimwambia nitasimama mbele yake, wakianza waanze na mimi.

Nilimshika mkono tukarudi uani. Niliongea kwa sauti ya darasani ili hata wanawake wa ndani wasikie. Nikasema kosa si la mtoto. Nikasema mimi ndiye niliyeleta magazeti ya kufungia chumvi nikawapa watoto wenu, mimi niliyekata tarehe, mimi niliyemwagiza asome kwa mtu mzima, naye akatii. Kama kuna wa kupelekwa bondeni, ni mimi. Baadhi ya wanaume walitazama chini. Nikamwomba baba mkubwa amruhusu asome sehemu moja tu.

Baba mkubwa akalikunjua lile gazeti, akampa mtoto.

Mtoto akaligeuza nyuma. Akaweka kidole chini ya mstari. Sauti yake nzito ilianza ikikwama, akaanza tena. Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba kutakuwa na mnada wa hadhara wa magari chakavu. Akataja mahali. Akasoma siku, akasoma mwezi. Mwaka aliusoma tarakimu moja moja kwanza, halafu zote pamoja, kama nilivyowafundisha kusoma namba ndefu.

Wanaume wakaanza kuhesabu kwa vidole, wengine kwa mavuno. Mwaka ule wa mnada ndio mwaka kahawa iliungua kwa baridi, akasema mmoja. Hapana, ule wa kabla yake, akasema mwingine. Mabishano yakawa makali, na mimi nilikuwa siwezi kuyasaidia, mimi mgeni wa mavuno yao. Baba mkubwa hakubishana. Alikuwa ameinua uso anaangalia paa la nyumba ya mdogo wake.

"Bati hizi," akasema. "Bati hizi alizipiga mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, namshikia misumari."

Kila mtu akaangalia juu. Zilikuwa bati za kawaida, zimeanza kutu kwenye misumari. Mtu aliyekufa kabla ya mnada ule asingeweza kuzipiga.

Ndani bibi alipiga kelele moja ambayo mpaka leo siwezi kusema ilikuwa kicheko au kilio. Kisha akatoka akimtaja mwanawe, akaja akamshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili, akamtemea mate kidogo utosini, baraka ya bibi. Hapo ndipo nilipojua mtoto amepona. Baba mkubwa alikuwa bado amekunja uso, lakini hakuwa mtu wa kubishana na mama yake mbele za watu.

"Ataendelea na shule," akaniambia. "Lakini wewe, mwalimu, ukileta kitu tena katika nyumba hii, kije kikiwa kizima."

Sikujua kwamba msiba ukikatika katikati unakuwa mgumu kuliko msiba wenyewe. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Wachungaji wana maneno ya kuzika, hawana maneno ya kughairi. Mmoja aliuliza kama unga urudishwe, akanyamazishwa. Mwingine alianza kucheka, akaacha. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri, wakiona haya kana kwamba wao ndio walioandika gazeti. Mzee wa kuni akamwaga maji kwenye moto. Mimi nikaenda kwenye vichanja, nikafukuza kuku, nikachukua gunia, nikaanza kukusanya kahawa kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi.

Mama mtoto alikuja akasimama upande wa pili wa kichanja. Alikuwa bado na kitenge cha msiba begani. Macho yalikuwa yamevimba, lakini makavu. Nilianza kumwomba radhi, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Tangu apige hizo bati hajarudi," akasema. "Miaka mitatu wananiangalia wanaponiona kisimani. Hawasemi, wananiangalia tu. Juzi nilikaa mkekani wakaja wote. Wale walionicheka walinipikia uji. Walinishika mgongo, mwalimu. Juzi nilikuwa mjane."

Akachota kahawa kwa mikono miwili akaimwaga kwenye gunia langu.

"Leo mimi ni nani?"

Mimi ambaye sikosi la kusema, nilikaza macho kwenye gunia. Nilikwenda pale kuokoa mtu asizikwe akiwa hai, nikamwokoa, na aliyelipia alikuwa huyu. Tulikusanya kahawa mpaka kichanja kikawa kitupu. Vijana waliotumwa Mbeya walikuwa wanapanda njia, unaona kwa mwendo wao kwamba hawakupata kitu.

Wiki ile sikugawa magazeti. Nilirudi kwenye vitabu vinne, na watoto wakarudi kukariri, na mwalimu mkuu akawa ananisalimia kwa upole kama mtu aliyetoka hospitali. Ijumaa, watoto walipotoka, yule msichana alibaki dawatini. Nikamwambia kengele imelia. Akaja mpaka mezani kwangu, amenyoosha mikono miwili, kama anavyopokea mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mama amesema unipe gazeti."

"Mama yako?"

"Ndiyo, mwalimu. Amesema nisome kurasa zote, hasa za ajali." Akasita, akitafuta maneno aliyotumwa nayo, asipunguze hata moja. "Ila amesema liwe la mwaka huu. Na kama lipo la wiki hii, amesema ni bora zaidi."